Jibu la Siku ya Tano
Mei 2020, malori yalipanga foleni ya makumi ya kilomita kuelekea Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, madereva wakingoja majibu ya korona. Sampuli zilitegemea maabara chache zenye PCR, kipimo kinachosaka vinasaba vya virusi, kama zile za KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, huko Alupe, Busia, na Kisian, Kisumu. Kipimo chenyewe kilikuwa sahihi, ila jibu lilichelewa. Mwenye korona huambukiza zaidi kuanzia siku mbili kabla ya dalili hadi siku chache baadaye, kwa hiyo jibu la siku ya tano humkuta ameshawagawia wenzake.

Wanaotetea vipimo vya haraka vya antijeni, vinavyosaka protini za virusi, huanzia hapo. Vinatoa jibu kwa dakika 15 hadi 30, bila umeme, bila kisanduku cha barafu cha kuvusha sampuli hadi mjini.

Wataalamu wa maabara nao wana pingamizi lisilofaa kupuuzwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Septemba 2020 ulitaka kipimo cha haraka kinase angalau wagonjwa 80 katika kila 100, na kisikosee zaidi ya wazima 3 katika kila 100. Tupige hesabu kwa watu 1,000 wa soko la Sondu. Ugonjwa ukiwa umepoa, tuseme walioambukizwa ni 10. Kipimo kitanasa 8, na kitawasingizia wazima karibu 30. Wimbi likipanda na walioambukizwa wakawa 200, kitanasa 160 na kusingizia 24 tu. Kipimo ni kilekile, kilichobadilika ni wingi wa ugonjwa.

Ndiyo maana naona pande zote mbili zina haki, kila moja kwa wakati wake. Wimbi likiwa kali, kama Juni 2021 kaunti 13 za magharibi na ukanda wa ziwa zilipowekewa kafyu ya saa moja jioni, anayeonyesha mstari wa pili kwenye kipimo, yaani ana virusi, ajitenge papo hapo, PCR isingojewe. Ugonjwa ukipoa, kila mstari wa pili uthibitishwe. Ila kumbuka wale 40 waliokoswa wakati wa wimbi: jibu la "huna" si ruhusa ya kwenda kubanana matangani.

Makosa mengi hutokana na mkono na joto. Vifurushi vingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 30, na chumba cha mabati Kisumu mwezi wa Februari hupita hapo kabla ya adhuhuri. Kijiti cha pamba kisugue pua zote mbili, kizungushwe ndani ya kimiminika, kisha kichupa kikamuliwe kijiti kikitolewa. Matone yawe idadi iliyoandikwa, si zaidi. Mstari wa C, unaoonyesha kipimo kimefanya kazi, usipotokea, hakuna jibu, hata T, ule wa virusi, ikolee vipi. Na anayerudi kusoma baada ya muda kupita anaweza kukuta mstari hafifu ulioletwa na kukauka tu.

Wengine hupendekeza GeneXpert, mashine za kupima kifua kikuu (TB) zilizoko tayari katika hospitali kadhaa, zinazotoa jibu la korona kwa takriban dakika 45. Ni wazo zuri, lakini mashine ya kawaida ina nafasi 4, na kila nafasi ya korona inamweka benchini mtu mwenye kikohozi cha TB. Duniani, waliogunduliwa na kusajiliwa na TB walishuka kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020. Kwa ukanda wetu, ambako TB na virusi vya Ukimwi huandamana, hiyo ni bei kubwa mno.

Halafu kuna swali ambalo maabara haiwezi kulijibu. Mwanzoni mwa 2020, waliowekwa karantini walitakiwa kujilipia, na wengi wakaukimbia upimaji wenyewe. Mchuuzi wa omena pale Dunga akijua kwamba mstari wa pili ni siku kumi bila mauzo, hatatoa pua yake hata kipimo kiwe bure na kiwe mlangoni. Bajeti ya vipimo isiyo na unga na mafuta ya kupikia ya hizo siku kumi itaishia kwa vifurushi kuharibikia stoo.