Maliza dozi, lakini dozi ya siku ngapi?

Ingia duka lolote la dawa hapa Mombasa, la Majengo, la Mtopanga au yale yaliyo njia ya kushukia feri upande wa Likoni, ununue antibiotiki. Kabla hujapewa chenji utaambiwa: "Umalize dozi, hata ukijihisi umepona." Agizo hilo tumelisikia tangu utotoni, na wengi tunaamini sababu yake ni moja: ukiacha dawa katikati, bakteria waliobaki watakuwa sugu na siku nyingine dawa ile haitakufaa.

Mwaka 2017 kundi la wataalamu wa Uingereza liliandika katika jarida la tiba la BMJ kwamba sababu hiyo haina ushahidi wa kutosha. Walisema kwamba katika maradhi mengi ya kawaida, hatari ya usugu inatokana zaidi na kumeza dawa siku nyingi kuliko zinazohitajika. Maneno yakasafiri, na kufika kwenye baraza zetu yameshakatwa kichwa na miguu: "Madaktari wamesema si lazima kumaliza." Wahudumu wa afya wakisikia hivyo wanakasirika, na wana haki. Lakini hasira hiyo imewafanya wengi wao wasiisikilize hoja yenyewe, na hapo ndipo tunapoachana njia.

Upande wao una mashiko. Kifua kikuu hakina mjadala. Tiba yake ya kawaida ni miezi 6, na anayeacha mwezi wa pili kwa kuwa kikohozi kimekoma anajitia katika hatari ya kurudiwa, safari hii na ugonjwa uliokwisha kuzizoea dawa. Koo lililovamiwa na bakteria aitwaye streptokoka ni hivyo hivyo. Mtoto anapata nafuu siku ya pili au ya tatu na kutaka kutoka kucheza, lakini penisilini ya kumeza kwa kawaida huandikwa siku 10, kwa sababu koo lile lisipotibiwa sawasawa linaweza kuleta homa inayoharibu vali za moyo. Kisha kuna hali halisi ya zahanati zetu: mgonjwa anayetoka leo huenda asionane na daktari tena mwaka mzima, na foleni nje ni ndefu. Maelezo marefu hayana nafasi. Anapewa neno moja asiloweza kulisahau, nalo ni "maliza".

Hayo yote nayakubali. Nisichokubali ni neno hilo kufanywa jibu la kila ugonjwa, maana linaficha swali lililo kubwa zaidi: siku hizo zilihesabiwaje?

Kwa maradhi mengi, siku 7, 10 au 14 zilitokana na mazoea zaidi kuliko majaribio. Watu walihesabu kwa wiki, na daktari kijana akaandika alichoona kikiandikwa na mkubwa wake. Hesabu hizo zilipoanza kupimwa, nyingi zimeonekana kuzidi. Mfano ulio karibu nasi ni wa Lilongwe, Malawi. Watoto wadogo wenye nimonia, wale ambao kifua hubonyea ndani wakivuta pumzi, na wasio na virusi vya Ukimwi, waligawanywa makundi mawili: wengine wakapewa amoksilini siku 3, wengine siku 5. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Tiba ilishindikana kwa watoto 5.9 katika kila 100 waliopewa siku 3, na 5.2 waliopewa siku 5. Hiyo ni tofauti ndogo mno, na hao ni watoto wa Kiafrika, katika mazingira tunayoyajua. Mwaka 2024 ukatoka utafiti mwingine, wa wagonjwa zaidi ya 3,600 waliolazwa katika hospitali 74 za nchi 7, wote bakteria wamewaingia kwenye damu. Waliotibiwa siku 7 hawakufa zaidi ya waliotibiwa siku 14. Ikiwa bakteria aliye ndani ya damu anaweza kumalizwa kwa wiki moja, inatupasa tuulize upya kuhusu dozi ndefu za maradhi mepesi.

Wanaotetea dozi fupi hueleweka vibaya zaidi linapokuja suala la usugu, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Tunadhani vita viko mahali pamoja: bakteria wa mapafu upande huu, dawa upande ule, na ukisitisha mapema adui anabaki na kujifunza. Kwa kifua kikuu picha hiyo ni kweli. Lakini kidonge ulichomeza kwa ajili ya mapafu hakiendi kwenye mapafu peke yake. Kinapita tumboni na kuzunguka mwili mzima, kwenye utumbo, ngozi, pua na koo, na kote huko wanaishi bakteria ambao hawajakukosea lolote. Wengi wao wanakusaidia. Kila siku ya dawa inaua walio dhaifu miongoni mwao na kuwaachia nafasi walio sugu. Shamba likifyekwa lote, cha kwanza kuota ni magugu. Bakteria hao sugu hukaa kimya kwenye utumbo wiki nyingi, pengine miezi. Siku mmoja wao akipanda njia ya mkojo, au akiingia kwenye kidonda cha upasuaji wa uzazi, ndipo mgonjwa anaambiwa dawa za kawaida hazimfai.

Utafiti mkubwa uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019. Bakteria aliyeongoza orodha hiyo ni Escherichia coli, na makao yake ya kawaida ni utumbo wa binadamu mwenye afya. Hakuwa shabaha ya vidonge vingi vilivyomfundisha usugu. Vilimezwa kwa ajili ya koo, kifua au jino. Ndiyo maana siku mbili zisizohitajika haziwezi kuitwa akiba ya usalama. Zina gharama, ila anayezilipa ni mtu mwingine au ni wewe mwenyewe mwaka ujao.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, hutajwa sana na wanaohimiza kumaliza. Katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alisimulia kisa cha kubuni cha mtu aliyeumwa koo, akajinunulia penisilini na kumeza kiasi kisichotosha, kisha akamwambukiza mkewe bakteria walioizoea dawa, na mke akafa. Ukisoma vizuri, onyo lake lilihusu kipimo kidogo mno. Hakuzungumzia idadi ya siku. Na yule streptokoka wa koo aliyemtolea mfano, hadi leo penisilini bado inamuua.

Sasa tuilete hesabu hii kaunta. Amoksilini ya miligramu 500 mara tatu kwa siku ni vidonge 15 kwa siku 5, 21 kwa siku 7, na 30 kwa siku 10. Kwa mwenye mshahara wa mwezi hiyo ni tofauti ya pesa ndogo. Kwa mama anayeuza mahamri na mbaazi, au kijana anayesubiri kibarua bandarini, hapo ndipo dozi inapokatika. Mazungumzo yenyewe tunayajua:

"Mamangu, hizi ni za siku saba."

"Nifungie za siku tatu kwanza, mwanangu. Mungu akijaalia ntarudi."

Hurudi akipata, na mara nyingi hapati. Kumwambia mama huyu amalize dozi ni kumwambia amalize asichonacho. Kama ugonjwa wake unatibika kwa siku 5 na daktari akaandika 5, huenda angeinunua yote na kuimeza yote. Dozi fupi iliyoandikwa na anayejua inampa maskini dozi kamili, na wanaoipinga kwa jina la nidhamu sijawasikia wakiligusa jambo hilo.

Kuna na Ramadhani. Aliyeandikiwa dawa mara tatu kwa siku huimeza daku na futari, ile ya mchana akaiacha. Kutoka daku hadi magharibi ni zaidi ya saa 13. Amoksilini haifanyi kazi kwa kulimbikizwa. Inafanya kazi kwa kubaki kwenye damu muda wa kutosha, ndiyo maana ikagawanywa kila baada ya saa 8, na kumeza mbili kwa pamoja wakati wa futari hakuzibi pengo hilo. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na anayeona bado ataweza kufunga amwambie daktari kabla hajaandika, maana kwa maradhi kadhaa upo utaratibu wa mara moja au mara mbili kwa siku. Yule anayeiacha ya mchana, hata akifikisha siku zote saba, bado hakupata dawa ipasavyo, na neno "maliza" halikumsaidia.

Mengine ya usalama hayana mabishano. Taja mzio wako, hasa wa penisilini, na utaje ujauzito hata kama ni wa wiki chache. Antibiotiki za doksisaiklini na siprofloksasini usizimeze kwa chai ya maziwa wala pamoja na vidonge vya madini ya chuma, kwa kuwa dawa haitaingia mwilini inavyotakiwa. Doksisaiklini imezwe kwa maji mengi na usilale papo hapo, isije ikakuchoma umio. Dawa ya unga ya mtoto ichanganywe na maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi alama iliyo kwenye chupa, na ipimwe kwa kifaa chake maana vijiko vya jikoni havilingani. Uso ukivimba, pumzi ikibana au mwili ukitoka malengelenge, acha dawa na ukimbilie hospitali. Na mafua ya kawaida hayana antibiotiki, iwe ya siku tatu au kumi.

Wapinzani watasema: ukiufungua mlango huu, kila mtu atajihesabia siku. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayonifanya niseme wazi kwamba makala ya 2017 haikumpa mgonjwa ruhusa ya kujiamulia mwenyewe. Kupata nafuu hakutoshi kuwa kipimo, kwani homa hushuka kabla ugonjwa haujaisha. Anayejisikia vizuri siku ya tatu na anataka kuacha arudi kwa aliyemwandikia, au ampigie simu, na asiviweke vidonge vilivyobaki kwenye kabati vikingoja homa ya jirani. Hapo wakongwe wa "maliza" na wanamageuzi wa dozi fupi wanasema lugha moja.

Wanachotofautiana ni nini kiandikwe kwenye karatasi, na nadhani wanamageuzi wameshinda. Daktari na aandike muda mfupi kuliko yote uliothibitishwa kwa ugonjwa ule, miezi 6 kwa kifua kikuu, siku chache kwa nimonia ya kawaida ya mtoto, na kwenye bahasha ya dawa, kando ya ule mchoro wa 1×3, pawe na jina la ugonjwa na siku ya kidonge cha mwisho: "Kifua, mwisho Alhamisi usiku." Hata foleni ikiwa imefika barabarani, maneno hayo manne yana nafasi yake.