Dalili Tunazo Tele, Maswali Ndiyo Haba

Barua ya ajira iliniita mchambuzi, lakini kazi yangu ya kwanza katika fani hii ilikuwa ya uchukuzi. Kila asubuhi nilipakua orodha ya anwani za IP zilizosemekana kuwa mbaya, nikaondoa zilizojirudia, nikazipakia kwenye ukuta wa mtandao, kisha nikatuma ripoti: leo tumezuia elfu kadhaa. Bosi alipenda kuona namba ikipanda. Siku moja nikazuia anwani ya seva ya kukodi, zile ambazo tovuti nyingi hukaa pamoja kama wapangaji wa nyumba moja. Mdukuzi aliyewahi kuitumia alishahama kitambo. Aliyebaki humo alikuwa mtoa huduma ambaye idara yetu ya malipo ilimtegemea, na kwa nusu siku hakuna ankara iliyolipwa. Nilipoulizwa kwa nini nimeizuia, jibu langu lote lilikuwa: "Ilikuwa kwenye orodha."

Tangu hapo huwa naisikiliza kwa shaka historia ya uchambuzi wa vitisho vya mtandaoni inavyosimuliwa kwenye mikutano yetu: zamani tulikuwa gizani, zikaja data, zikaja mashine, sasa tunaona. Mimi naamini kilichokua ni mikono ya kukusanya. Akili ya kuuliza ilikuwapo tangu siku ya kwanza, tukaifukia chini ya orodha, na ndiyo kwanza tunaifukua.

Tazameni walioanza. Mwaka 1986, Clifford Stoll, mwanaastronomia aliyejikuta akisimamia kompyuta katika maabara ya Lawrence Berkeley, California, alitumwa kutafuta kwa nini hesabu za matumizi ya kompyuta zinapishana kwa senti 75. Mtu mwingine angezifuta senti hizo na kwenda kula. Yeye alizifuata hadi akagundua mgeni ndani ya mfumo, na badala ya kumfungia mlango akamwacha aendelee huku mashine za kuchapa zikinakili kila alichoandika. Akasoma karatasi hizo kwa miezi. Huyu anatafuta nini? Anatafuta habari za kijeshi. Anaingia saa ngapi? Anapokwama hufanya nini? Ili akae kwenye laini muda wa kutosha simu ifuatiliwe, Stoll akamtengenezea mafaili ya uongo kuhusu mradi wa ulinzi wa makombora. Mtego ukanasa. Mdukuzi alikuwa Markus Hess, akiwa Hannover, Ujerumani Magharibi, na habari alizoiba zilikuwa zikiuzwa kwa KGB, shirika la ujasusi la Sovieti.

Hakuwa na orodha yoyote ya kupakua. Alikuwa na swali, subira na daftari. Lakini ukichunguza alichofanya utakuta karibu kila kitu tunachokiita leo uchambuzi wa kisasa: nia ya adui, mazoea yake, saa zake za kazi, chambo.

Miaka iliyofuata ilijenga vyombo vya pamoja. Mdudu wa Morris, programu iliyojisambaza yenyewe, alipozilemaza kompyuta nyingi za intaneti Novemba 1988, Marekani ilianzisha kituo cha kuratibu dharura za kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Mwaka 1999 ikaja orodha ya CVE, ili udhaifu mmoja wa programu uwe na jina moja kwa kila mtu. Hayo yalikuwa mema. Tatizo lilianza pale soko lilipogundua kwamba orodha zinauzika.

Februari 2013 kampuni ya usalama wa mtandao ya Mandiant ilitoa ripoti iliyowataja kwa kikosi wadukuzi iliowaita APT1: Kikosi 61398 cha jeshi la China, Shanghai, na mashirika 141 yaliyoibiwa. Ilikuwa kazi ya miaka, yenye hoja unayoweza kuifuata hatua kwa hatua. Pamoja nayo vilitolewa viashiria zaidi ya 3,000, yaani alama za kumtambua adui kama majina ya vikoa na utambulisho wa mafaili, na hapa ndipo wengi wetu tulipopotea. Hoja ilisomwa na wachache. Viashiria vilipakiwa na kila mtu. Wauzaji wakaelewa somo walilotaka kulielewa. Baada ya hapo kila mwenye seva mbili alikuwa na "intelijensia" ya kukuuzia kwa mwezi, na ubora wake ukapimwa kwa wingi, kama mchele.

Mwaka huohuo David Bianco, mtaalamu wa usalama, alichora piramidi ambayo ningependa kila mkuu wa idara aibandike ukutani. Chini kabisa kuna alama ya utambulisho wa faili, juu yake anwani ya IP, juu yake jina la kikoa. Vitu ambavyo adui hubadilisha kwa dakika chache. Ukipanda unakuta zana zake, na kileleni mwenendo wake: namna anavyoingia, anavyosambaa, anavyojificha. Mwizi hubadilisha shati kila usiku, lakini mwendo wake unamchukua muda kuubadilisha. Ukimkamata kwa mwendo, unamuumiza. Shirika la MITRE nalo likaanza kuorodhesha mienendo hiyo katika mkusanyo wa ATT&CK, uliofunguliwa kwa umma mwaka 2015. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mageuzi ya kweli kuliko yote tangu Stoll, ingawa hata ATT&CK tumeigeuza kuwa karata ya bingo: watu wanapaka rangi viboksi na kusema tumemaliza.

(Kuhusu majina sitasema mengi. Kundi moja la Urusi ni APT28 kwa huyu, Fancy Bear kwa yule, na tangu 2023 Microsoft inaliita Forest Blizzard, kwa kuwa iliamua kuwaita maadui kwa majina ya hali ya hewa. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Sisi tumeipa kila wingu majina manne.)

Linaloniuma zaidi ni jinsi tunavyosema "ni fulani". Februari 2018, katika ufunguzi wa Olimpiki ya Pyeongchang, programu hasidi ilivuruga mifumo ya michezo. Baadhi ya dalili ndani yake zilielekeza kwa Lazarus, kundi la Korea Kaskazini. Watafiti wa kampuni ya usalama ya Kaspersky walipochunguza zaidi waligundua kwamba taarifa fulani katika kichwa cha faili ilikuwa imeghushiwa, ikapandwa hapo ili msomaji mwenye haraka aridhike. Mwaka 2020 Marekani iliwashtaki maofisa sita wa ujasusi wa kijeshi wa Urusi, na shambulio hilo lilikuwemo katika mashtaka. Fikiria maana yake: adui alijua tunasoma nini, akatuandikia.

Dawa ya ugonjwa huo ni ya kale kuliko intaneti tuijuavyo. Richards Heuer wa CIA alifundisha kwamba uweke dhana zote mezani na utafute ushahidi wa kuziangusha, maana ushahidi wa kuunga mkono unachokipenda hautakosekana kamwe. Mwenzake, Sherman Kent, alipata somo lake mwaka 1951. Tathmini ya ofisi yake ilisema kuna "uwezekano wa kutiliwa maanani" kwamba Yugoslavia itavamiwa. Yeye alimaanisha 65 kwa 35. Alipowauliza wenzake walioandika naye, wengine walimaanisha 20 kwa 80, wengine 80 kwa 20. Sentensi moja, na waandishi wake wenyewe hawakukubaliana inasema nini. Sasa soma ripoti tano za wiki hii na uhesabu neno "huenda". Linamaanisha asilimia ngapi?

Ndiyo maana akili mnemba hainitishi kwa sababu wanazozitaja wengi. Naitumia. Inasoma ripoti ya kurasa 60 na kunipa mienendo kabla chai haijapoa, na kazi ya uchukuzi niliyoianzia maisha acha ife bila matanga. Ninachokiogopa ni ufasaha wake. Inaandika kwa sauti ileile inapojua na inapokisia, na msomaji aliyezoea orodha hatasikia tofauti.

Watetezi wa mitambo wataniambia kwamba binadamu hawezi kusoma matukio mamilioni kwa siku. Kweli kabisa, na sitaki Stoll arudi na karatasi zake. Lakini angalieni waliogundua makubwa ya karibuni. Mwishoni mwa 2020, kampuni ya usalama ya FireEye ilinusa uvamizi wa SolarWinds, kampuni ya programu za kusimamia mitandao ambayo sasisho lake lenye sumu lilifikia wateja hadi 18,000, baada ya kuonekana kwamba mfanyakazi mmoja ana simu ya pili iliyosajiliwa kwa ajili ya kuthibitisha anapoingia kwenye mfumo. Wakampigia kumuuliza. Akasema si yake. Machi 2024, mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye seva kupitia ssh, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kwa nusu sekunde, akaudhika, akachimba, akakuta mlango wa siri katika XZ, programu ya kubana mafaili inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux, uliopandwa na mtu aliyetumia miaka kama miwili kujijengea uaminifu. Freund hata si mchambuzi wa usalama. Senti 75, simu moja, nusu sekunde.

Siku hizi nasimamia vijana wanne, na ripoti ya idadi nimeifuta. Bosi wa sasa alilalamika kwa miezi miwili hivi. Kila ombi la kuzuia kitu lazima lije na mistari mitatu: tunadhani ni nani, kwa nini tunadhani hivyo, na nini kikionekana tutabadili mawazo. Wiki iliyopita mmoja wao aliniletea karatasi ambayo mstari wa tatu ulikuwa mrefu kuliko miwili ya juu. Alikuwa ameandika "huenda", akaikata kwa kalamu, akaweka "60 kwa 40", akaikata tena. Akaniomba siku moja zaidi, nikampa.