Ulemavu Usiopimwa kwa Mita: Akili ya Mgonjwa wa MS

Majaribio mengi ya dawa za maltipo sklerosisi, yaani MS, ugonjwa unaoharibu ubongo na uti wa mgongo, bado hupima ulemavu kwa EDSS, kipimo alichokitoa daktari wa neva wa Marekani, John Kurtzke, mwaka 1983. Alama zake huanzia 0 hadi 10, na kuanzia 4 huamuliwa zaidi na mwendo: anayehitaji fimbo ili atembee mita 100 hupewa 6, na anayetegemea kiti cha magurudumu hupewa 7. Wanaokitetea wana hoja nzito, kwa kuwa hakihitaji mashine, kinajulikana kila mahali, na bila kipimo kimoja kilichodumu miongo minne ingekuwa vigumu kulinganisha dawa za zamani na za leo.

Lakini MS haiharibu miguu peke yake. Daktari wa neva wa Ufaransa, Jean-Martin Charcot, katika mihadhara yake ya Paris karne ya 19, alikwisha kutaja kumbukumbu inayodhoofika na mawazo yanayokuja polepole. EDSS haikuisahau kabisa akili; imo kati ya mifumo inayokaguliwa, ila mchango wake humezwa mara mwendo unapoanza kuamua alama.

Mwaka 1991 Stephen Rao na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 100 waliokuwa wakiishi katika jamii, wakiwalinganisha na watu 100 wenye afya. Wagonjwa 48 walionyesha upungufu wa utambuzi, yaani wa uwezo wa akili kama kumbukumbu na kasi ya kufikiri, dhidi ya 5 wa kundi la pili, na tofauti hiyo ndiyo asilimia 43 inayonukuliwa mno. Mimi naona tumeikariri asilimia hiyo tukaliacha jambo kubwa zaidi. Walipowatazama wagonjwa wenyewe kwa wenyewe, wenye upungufu na wasio nao hawakutofautiana kwa ulemavu wa mwili wala kwa muda waliougua. Hata hivyo, wenye upungufu walikuwa na uwezekano mdogo wa kuwa kazini, walishiriki shughuli chache za kijamii na walitatizika zaidi na kazi za kawaida za nyumbani. Kwa maneno mengine, watu ambao kipimo cha mwili kiliwaona sawa walikuwa wakiishi maisha tofauti kabisa, na kilichowatenganisha hakikuwa mita wanazotembea.

Inasemwa kwamba akili ni ngumu kupima, na ni kweli. SDMT, jaribio linalopendekezwa zaidi, humtaka mgonjwa ataje kwa sekunde 90 tarakimu inayolingana na kila ishara anayoonyeshwa, kwa kufuata ufunguo wa ishara 9. Sonona, uchovu, macho dhaifu na kiwango cha elimu vyote huweza kuvuruga matokeo, na anayerudia jaribio huweza kupanda kwa mazoea tu. Tahadhari hizo zinadai viwango vinavyotokana na jamii ya mgonjwa mwenyewe na msomaji makini wa matokeo, hazihalalishi kutopima. Kumtegemea mgonjwa ajieleze hakutoshi, kwani malalamiko ya kusahau mara nyingi hufuata sonona kuliko alama za majaribio.

Mwaka 2018 wataalamu walioratibiwa na chama cha kitaifa cha MS cha Marekani walipendekeza mgonjwa apimwe utambuzi mapema kwa SDMT au jaribio linalofanana nalo, kisha arudiwe kila mwaka. Alama ya jaribio hilo inastahili kuandikwa kando ya EDSS katika kila jaribio la dawa, na kusomwa na kila jopo linaloamua kama mgonjwa anaweza kuendelea na kazi.