Malinga na zile Testi 30: tamaa ya hela au hesabu ya goti?

Jina la Lasith Malinga likitajwa tu kwenye mjadala wa mabola (warushaji mpira) wakali wa kasi kwenye kriketi, haipiti dakika mbili kabla mtu hajaruka na hoja yake ileile: Testi 30 (zile mechi za siku tano), wiketi 101 (wapigaji aliowatoa), huyo mkubwa wa wapi, alikimbilia hela za IPL, ligi ya India ya mechi fupi, akaiacha Sri Lanka kwenye mataa. Hoja hiyo si ya kupuuza na nitaipa haki yake, ila naona wengi wanaoirusha hawajakaa chini wakapiga hesabu yenyewe.

Tuanze na wanaomlaumu maana wana vitu vya kushika mkononi. Chaminda Vaas, bola wa kasi wa Sri Lanka, alistaafu Testi Julai 2009. Muttiah Muralitharan, yaani Murali, bola wa kuzungusha mpira, akafuata Julai 2010 pale Galle na wiketi zake 800. Halafu Aprili 2011 Malinga naye, ana miaka 27 tu, anatangaza basi kwa Testi, yaani ndani ya miaka miwili timu imepoteza watu watatu waliokuwa wanaibebea kazi ya kutoa wapigaji. Mwezi mmoja baadaye wapo Cardiff na Uingereza wanapiga mikimbio (alama) 496 kwa wiketi 5 tu wanaamua wenyewe kuacha kupiga, kisha Sri Lanka wanaanguka wote kwa 82. Ushindi wa kwanza wa Testi tangu Murali astaafu ukaja Desemba 2011 huko Durban, fikiria muda wote huo. Na kinachowakera zaidi ni kwamba wateuzi walimtaka arudi nyumbani ashughulikie hilo goti, yeye akabaki na timu yake ya IPL, Mumbai Indians, na akamaliza msimu akiwa kinara wa wiketi wa IPL, 28. Mtu anauliza, goti gani linauma Colombo halafu Mumbai linakimbia?

Kuna na namba nyingine ambayo wanaomtetea huwa wanaikwepa. Malinga kwenye Testi alikuwa anapata wiketi kila baada ya mipira 51 hivi, Vaas aliyecheza miaka 15 na kubeba wiketi 355 alihitaji kama 66. Ndio, Malinga alikuwa ghali, wastani wa mikimbio 33 kwa wiketi sio wa kujivunia, lakini kwenye viwanja vile vilivyokufa vya kwao bola anayekupa wiketi upesi namna hiyo hana mbadala. Kwa hiyo anayesema Sri Lanka walipoteza silaha kweli, yuko sahihi, sibishani naye.

Sasa tuje kwenye hesabu. T20, mechi fupi ya ova 20 kwa kila timu, bola anarusha ova 4 (ova moja ni mipira sita), kazi imeisha. Mechi ya ova 50 anarusha 10. Testi haina kikomo, inings (zamu za kupiga) mbili kwa kila timu, siku tano, na bola unayemtegemea anaweza akafikisha ova 40 kwenye mechi moja bila mtu kushangaa. Ova 40 ni T20 kumi. Mechi kumi za T20 zimeshindiliwa kwenye siku tano, na wiki inayofuata kuna Testi nyingine inamsubiri! Halafu anayetakiwa kufanya hivyo ni mtu ambaye staili yake haikuwahi kufundishwa mahali, aliiokota mchangani huko Rathgama akirusha mpira wa tenisi. Mwangalie vizuri siku ukipata video zake: mabola wengine mkono unapita karibu na sikio, wake unatoka pembeni kabisa umelala, mpira unaachiwa usawa wa kifua cha mwamuzi, mpigaji anautafuta juu kumbe umeshafika kwenye vidole vya miguu. Kasi yote ile inatokana na kiwiliwili kujipinda kama kombeo, ova baada ya ova.

Na goti halikuanza kuuma Aprili 2011 kama watu wanavyodhani. Liliharibika 2008 akakaa nje muda mrefu, Testi akawa hajazigusa tangu mwisho wa 2007 hadi siku ile ya Galle Julai 2010, mechi ambayo dunia nzima inaikumbuka kwa ajili ya Murali peke yake. Lakini Malinga ndo alikuwa mchezaji bora wa mechi ile, alipiga mikimbio 64 na gongo lake halafu akachukua wiketi 5 kwa mikimbio 50 inings ya pili ya India. Kilichofuata? Testi ya pili ya mfululizo huo hakucheza. Akarudi ya tatu na hiyo ikawa ya mwisho maishani. Yaani tangu aharibike goti alicheza Testi mbili tu, na baada ya ya kwanza alishindwa kuunganisha na iliyofuata. Hapo ndo ningeomba wanaosema alikimbia wanioneshe ni bola gani wa Testi walikuwa wanampoteza mwaka uliofuata, kwa sababu yule wa mipira 51 alikuwa ni wa kabla ya 2008.

Hela nazo tuziongelee. Sikatai kwamba IPL ilikuwa inalipa vizuri kuliko bodi yake. Lakini 2011 hiyohiyo bodi ya Sri Lanka ilikuwa imezama kwenye madeni ya viwanja vya Kombe la Dunia, wachezaji waliofika fainali wakakaa miezi bila malipo yao. Ukimwambia mtu wa namna hiyo amalizie goti kwa ajili ya bodi ambayo haijamlipa, naona unamuonea.

Alisema anaacha Testi ili afike Kombe la Dunia la 2015. Akafika, akapitiliza. 2014 alikuwa nahodha kwenye fainali ya Kombe la Dunia la T20 huko Dhaka na Sri Lanka wakabeba kombe mbele ya India. 2019 kwenye Kombe la Dunia, uwanja wa Headingley, ana miaka 35, Sri Lanka wana 232 tu za kulinda, akachukua 4 kwa 43 na Uingereza, waliokuja kuwa mabingwa, wakafa kwa 212. Septemba mwaka huohuo Pallekele, New Zealand, wiketi nne kwa mipira minne, kitu alichokuwa ameshawafanyia Afrika Kusini 2007 kule Guyana. Hata sisi Kenya tulimuonja Machi 2011 pale uwanja wa Premadasa, 6 kwa 38 na hatriki (wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo) ya Mishra, Ongondo na Ngoche, wiki chache kabla hajaacha Testi.

Ninachowapa wanaomlaumu ni jinsi alivyoondoka: tangazo likiwa IPL inaendelea, huku wateuzi wanapanga ziara ya Uingereza. Angeongea nao mapema, timu ya Cardiff ingeandaliwa kwa namna nyingine. Uamuzi wenyewe sioni kosa lake. 2022 Trent Boult, bola wa kasi, alirudisha mkataba wa bodi ya New Zealand, wakakubaliana kistaarabu, na 2023 Dhoni, nahodha wa Pathirana kule IPL, alisema wazi kwamba Pathirana, kijana wa Sri Lanka anayerusha kama Malinga kabisa, asiusogelee hata kidogo mpira mwekundu, yaani ule wa Testi. Watu walitikisa kichwa wakaona ni ushauri wa busara. Malinga alijishauri mwenyewe miaka 12 kabla, na hajasamehewa mpaka leo.