Kampuni za gemu shuleni: msaada kwa nani?

Mzazi wa Ngamiani akimfuma mwanawe kwenye kibanda cha gemu saa za masomo, anajua la kufanya, na majirani watamuunga mkono. Gemu hiyohiyo ikiletwa na mwalimu, atamkataza kwa lipi?

Swali hilo Tanga tujiandae nalo. Mwaka 2021 Roblox, kampuni ya Marekani yenye jukwaa la gemu mtandaoni, ilitangaza mfuko wa elimu wa dola milioni 10, ikalenga kuwafikia wanafunzi milioni 100 ifikapo 2030. Minecraft, gemu ya kujenga iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2014, ina toleo la shule tangu 2016.

Wanaozikaribisha wana hoja. Wapo wanafunzi wanaofika kidato cha nne wakiwa wameiona kompyuta kwa kuchorewa ubaoni. Gemu ya kujenga humfundisha mtoto vipimo, maumbo, hata kuandika programu, na hasukumwi. Tena toleo la shule la Minecraft hulipiwa leseni: kampuni inauza, shule inanunua, na anayeamua ni mtu mzima. Hilo silipingi.

Kinachonitia wasiwasi ni cha bure. Kuingia Roblox hakulipiwi; pesa hutoka kwenye Robux, sarafu ya humo ndani ambayo watoto hununulia mavazi na vikorombwezo. Mtoto aliyefunguliwa akaunti darasani asubuhi, jioni ataiendeleza kwa simu ya mama yake, na mama hatakuwa na neno maana mwalimu kaidhinisha. Imani hiyo ya mzazi kwa mwalimu ndiyo mali ambayo kampuni inaipata bila kuilipia.

Kuna na suala la taarifa. Mwaka 2022 Epic Games, wenye gemu ya Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 520 nchini Marekani. Kati yake milioni 275 zilihusu madai ya kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi. Hayo hayakupitia shuleni, lakini biashara ni ileile. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotumika tangu Mei 2023.

Kwa hiyo mkuu wa shule akiletewa kompyuta na kampuni ya gemu, azipokee. Wakimtaka orodha ya majina ya wanafunzi, akatae. Wakitaka kuweka nembo yao ukutani, alipeleke ombi hilo kikao cha wazazi. Kampuni ikiondoka na kompyuta zake, wanafunzi watapata hasara ya kweli, na wa kubanwa hapo ni halmashauri, si yeye.