Uganga Wangu wa Tumbawe

Kwa miezi minane tumbawe langu laini, lile lenye umbo la uyoga ambalo wataalamu huliita Sarcophyton, lilikuwa fahari ya tangi langu la maji ya chumvi. Kila taa zilipowaka lilichanua polipu, vile viumbe vidogo kama maua vinavyoliunda tumbawe, mamia kwa mamia, kila moja na minyiri yake minane, nami niliwasimulia wageni habari zake kama mzazi anayesimulia matokeo ya mtihani wa mwanawe. Kisha Jumatatu moja likajifunga. Polipu zote zilizama ndani, kofia ikajikunja, rangi ya kahawia ikafifia kuwa kijivu, na juu yake ukatanda utando unaong'aa kama nta. Mke wangu alilitazama, akasema huenda limepumzika tu. Nilimjibu, kwa upole wa mtu anayejua zaidi, kwamba hii ilikuwa kazi ya daktari.

Daktari mwenyewe nilikuwa mimi. Joto la maji lilikuwa nyuzi 25, halina kosa, lakini kipima chumvi changu cha mshale kilisoma 1.028 badala ya 1.025 niliyoizoea, yaani chumvi imezidi, nami nikashangilia kimoyomoyo, maana hakuna kinachomfurahisha tabibu asiyesomea kama kupata ugonjwa wa kuutaja. Nikachota maji ya tangi ndoo baada ya ndoo na kurudishia maji yasiyo na chumvi, hadi mshale uliponiridhisha. Na kwa kuwa mgonjwa huhitaji utulivu, niliigeuzia ukutani pampu ya mkondo ili isimsumbue.

Jumatano mgonjwa alikuwa amenyauka zaidi. Nikamlaza katika bakuli la maji ya tangi lenye matone ya iodini, dawa ambayo wafugaji wa matumbawe huitumia kusafishia vidonda, ingawa yeye hakuwa na kidonda hata kimoja. Chupa ikaniponyoka na kunimwagikia kifuani, juu ya shati jeupe nililolitia wanga na kulipiga pasi kwa ajili ya mkutano wa asubuhi ile. Aliyesoma kemia ya shule anajua kilichofuata: iodini ikikutana na wanga hutoa rangi ya bluu inayokaribia weusi. Mke wangu aliponikuta na vidole vya manjano, kifua cha bluu na kitu cha kijivu kilichonywea mkononi, aliuliza ni yupi kati yetu anayepaswa kupelekwa hospitali.

Usiku wa Ijumaa mpira unaoishikilia pampu kwenye kioo uliachia, pampu ikaanguka na kugeuka, ikashinda usiku kucha ikimpiga mgonjwa usoni kwa nguvu zake zote. Asubuhi niliamka nikitarajia maiti. Nilikuta ule utando umechanika vipande vipande na kuelea kama karatasi iliyolowa, na chini yake ngozi safi kabisa. Halikuwa likiumwa. Matumbawe ya aina hii huvua utando wa juu kila baada ya muda, yakiondoa mwani na uchafu uliogandia, na hujifunga siku kadhaa, wakati mwingine zaidi ya wiki. Kinachoyasaidia ni mkondo mzuri wa maji, yaani kile hasa nilichomnyima kwa huruma.

Nikapima chumvi upya, safari hii nikikigonga kipimo kidogo kwa ukucha. Kiputo cha hewa kilichoung'ang'ania mshale kikaachia, na mshale ukashuka taratibu hadi 1.022. Bila shaka Jumatatu ile pia ulikuwa umenyanyuliwa na kiputo, na chumvi ilikuwa sawasawa mpaka nilipoitibu. Siku nne zilizofuata nilizitumia kuirudisha kidogo kidogo, huku polipu zikichungulia moja moja, kana kwamba zinahakikisha sipo karibu.

Wiki kadhaa baadaye likajifunga tena. Nilitulia, nikaielekeza pampu kwake, kisha, kwa tahadhari tu, nikaenda kutafuta iodini. Mke wangu alikuwa ameshaificha, pamoja na ndoo.