Deni la Chuo, Mgeni na Asilimia 7.65

Mhitimu wa kompyuta wa Marekani akilalamika kwamba kampuni za teknolojia zinapendelea wageni, hujibiwa haraka: ana ubaguzi, au hajui kazi. Naona anaonewa. Lalamiko lake lina hesabu ndani yake, na hesabu hiyo inaonekana kwenye hati ya mshahara.

Chukua wahitimu wawili wa uzamili walioajiriwa siku moja kwa dola 80,000 kwa mwaka. Mwenyeji anakatwa asilimia 7.65: 6.2 ya Hifadhi ya Jamii, yaani pensheni ya taifa, na 1.45 ya Medicare, bima ya afya ya wazee. Mwajiri naye anachangia kiasi kile kile juu ya mshahara. Kwenye hati ya mgeni mwenye viza ya masomo, ambaye hajapitisha miaka mitano ya kalenda nchini, makato hayo hayapo, na mwajiri wake hadaiwi chochote. Kampuni imeokoa dola 6,120. Kwa miaka miwili ni 12,240, kabla hata hatujauliza nani ana kipaji zaidi. Mgeni pia anabaki na 6,120 zake kila mwaka, kwa hiyo anaweza kukubali mshahara pungufu kidogo na asiumie. Mwenyeji mwenye mkopo wa chuo hana nafasi hiyo, kwa sababu marejesho ya kila mwezi hayangoji.

Msamaha huo haukutungwa kwa hila. Mwanafunzi alitarajiwa kurudi kwao. Kumkata pensheni asiyoitarajia kungekuwa dhuluma. Lakini OPT, kibali kinachomruhusu mwenye viza ya masomo kufanya kazi kama mafunzo kwa vitendo, kimetanuka. Kilikuwa cha miezi 12. Mwaka 2008 wahitimu wa sayansi na teknolojia wakaongezewa 17, na mwaka 2016 nyongeza ikawa 24. Miaka mitatu ya kazi ya kutwa ni ajira, hata ikiitwa mafunzo. Tena OPT haina ukomo wa idadi, wakati viza mpya za H-1B, zile za kazi kwa wataalamu wa kigeni, kwa kampuni zina kikomo cha 85,000 kwa mwaka.

Wapo wanaosema kampuni hutafuta wenyeji kwanza. Oktoba 2021, Facebook ilikubali kulipa hadi dola milioni 14.25 kumaliza kesi ambayo serikali ilidai kuwa nafasi zilizotengewa wenye viza za muda hazikutangazwa kwenye tovuti yake ya ajira, na waombaji walitakiwa kutuma barua kwa posta. Kampuni ilisema inaamini ilifuata kanuni. Sawa. Lakini kwa posta, kuomba kazi Facebook!

Mgeni naye hakuletewa chochote bure. Hapati mkopo wa serikali kuu, na kwenye vyuo vya umma hulipa karo ya mtu wa nje ya jimbo, iliyo kubwa zaidi, fedha ambazo vyuo vingi vilizikimbilia bajeti za majimbo zilipokatwa baada ya mdororo wa 2008. Kwa maana hiyo amemlipia mwenyeji sehemu ya masomo. Akihitimu, kwenye OPT ana siku 90 tu za kukaa bila kazi, 150 akiwa na nyongeza. Baada ya hapo anategemea bahati nasibu ya H-1B. Mtu wa namna hiyo hagombani na bosi, na huo nao ni unafuu kwa mwajiri.

Ndiyo maana ada ya dola 100,000 iliyotangazwa Septemba 2025 kwa maombi mapya ya H-1B hainiridhishi. Mhitimu aliyeko nchini anayehama kutoka viza ya masomo kwenda H-1B haimgusi, na yeye ndiye anayeshindana na huyu mwenye deni. Bunge liondoe msamaha wa upande wa mwajiri angalau, na limpe mgeni muda mrefu zaidi wa kutafuta kazi nyingine akiachishwa au akiamua kuondoka. Hapo kampuni ikimchagua yeye, mwenyeji atajua hakushindwa na zile dola 6,120.